Kabla Hujatoboa Ukuta: Mwongozo wa Feni ya Moshi kwa Anayejenga Pemba

Watu wa aina mbili wanauhitaji mwongozo huu. Wa kwanza ni yule anayejenga nyumba Chake Chake naye yuko Muscat, Copenhagen au Milton Keynes, ujenzi wote akiuendesha kwa simu ya mkononi. Wa pili ni nduguye aliyebaki, anayetumiwa michoro na kuambiwa "simamia, kaka", na ambaye mambo yakienda mrama ndiye atakayeulizwa. Mimi ni huyo wa pili. Nimeshaulizwa.

Jambo lenyewe ni dogo: kile kibati kinachoning'inia juu ya jiko, chenye feni ndani, cha kuvuta mvuke, mafuta na harufu. Dukani kina majina mengi ya kizungu. Mafundi wetu wanakiita feni ya moshi, na mamangu, kwa sababu utakazozielewa mbele, anakiita "hicho kitu chenu". Ukikinunua kwa nyumba ya kawaida ya Pemba, yenye matundu mengi kuliko kuta, huwezi kukosea sana, maana hata kisipofanya kazi hutojua. Balaa huanza ukikinunua kwa nyumba ya kuhifadhi nishati, iliyozibwa kila upenyo na inayopumua kwa mashine. Mdogo wangu aliamua kujenga ya namna hiyo. Alishakaa katika moja miaka sita, huko kwenye baridi, akaipenda kama mtu anavyompenda mke wa pili.

Nyumba hizi zina nasaba yake. Mwaka 1991, katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, familia zilihamia katika nyumba nne zilizoshikana ambazo mwanafizikia Wolfgang Feist na wenzake walizijenga kwa fikra ya chupa ya chai: kuta nene zilizovishwa, vioo vya tabaka tatu, na hewa isiyopita ila kwa idhini. Kipimo chao ni kikali. Nyumba ikisukumwa hewa kwa paskali 50, inayovuja kwa saa nzima isizidi 0.6 ya ujazo wa nyumba. Joto la kuipasha mwaka mzima lisizidi uniti 15 kwa kila mita ya mraba. Na kwa kuwa nyumba iliyozibwa hivyo ingewaua waliomo kwa uvundo, inafungwa mashine inayotoa hewa chakavu na kuingiza mpya, na katika kupishana kwao ile inayotoka inaiachia inayoingia joto lake.

Sasa, chupa ya chai haichagui. Ukiitia chai, inabaki moto. Ukiitia maji ya barafu, yanabaki baridi. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa na wazimu alipodai kwamba nyumba hiyohiyo, ikitiwa kiyoyozi, itatunza ubaridi Pemba kama inavyotunza joto kule. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Alichosahau ni kwamba ndani ya chupa hiyo atakuwemo mamangu, anakaanga changu.

Usidanganywe na moto wa buluu

Mnunuzi wa kwetu huanza kwa kusema: sisi tunapikia gesi, gesi haina moshi, basi feni ya nini? Mwulize huyo mtungi wake unaisha unakwenda wapi. Gesi ya kupikia ikiungua hugeuka hewa ya ukaa na maji, na kila kilo moja ya gesi huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa sura ya mvuke. Mtungi mdogo wa kilo 6, ule unaofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, ukimalizika umekumwagia ndani ya nyumba kiasi cha lita 9 za maji, wala hukuona tone. Hapo hujachemsha muhogo wala hujainjika wali.

Katika nyumba ya bibi yangu, lita hizo zingepanda juu, zikapenya kwenye makuti, zikaenda zao. Katika chupa ya chai zinatafuta pa kutua: kwenye kioo cha dirisha, nyuma ya kabati, kwenye kanga zilizokunjwa ambazo baada ya mwezi mmoja zinaota ukungu wa kijani kama mkate uliosahauliwa. Moto wa buluu unazaa pia hewa kali za nitrojeni, ambazo jicho halizioni ila kifua cha mtoto mwenye pumu kinazijua. Juu ya hayo yapo mafuta. Karai likishatiwa samaki hurusha vitone vidogo kuliko vumbi. Vinaelea, vinasafiri mpaka sebuleni, vinaketi juu ya pazia jipya lililoletwa kutoka Dubai.

Feni inahitajika, basi. Ila ipi?

Duka lenye majibu yote

Utakwenda Unguja kuinunua, na muuzaji atakupa kiti na soda. Kubali soda. Atakuuliza: ya kutoa nje au ya kuzungusha? Usijibu upesi, maana katika swali hilo ndimo pesa zako zimelala.

Ya kutoa nje ina bomba linalopita ukutani. Ya kuzungusha haina bomba: inavuta hewa ya juu ya jiko, inaipitisha kwenye chujio la mafuta na chujio la mkaa maalumu, kisha inakurudishia hewa hiyohiyo usoni. Wataalamu wengi wa nyumba zilizozibwa, huko kwenye baridi, wanapendelea ya kuzungusha, na wana sababu: hewa inayotoka nje inaondoka na joto lililolipiwa, na tundu la ukutani ni mlango wa baridi. Mvuke unaobaki ndani wanauachia ile mashine ya kupumulia nyumba iutoe polepole. Isitoshe, hewa yao ya majira ya baridi ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Mvuke wa supu kwao ni neema.

Pemba hewa ya nje yenyewe imelowa. Chumvi ikiachwa mezani usiku, asubuhi ni uji. Chujio la mkaa linashika sehemu ya harufu, lakini mvuke halishiki, hewa ya ukaa halishiki, na kila baada ya miezi michache linataka kubadilishwa, nalo halipatikani Chake wala Wete wala Mkoani. Litakuja kwa mtu anayesafiri, kama linakuja. Feni ya kuzungusha kwetu ni sawa na kufagia chumba halafu taka ukaziegemeza nyuma ya mlango.

Chagua ya kutoa nje. Mdogo wangu alikubali baada ya simu tatu. Kisha akauliza ukubwa, na hapo mimi, kwa kiburi cha mtu aliyekwishashinda hoja moja, nikajibu: kubwa kuliko zote.

Mita elfu moja

Feni hizi huuzwa kwa mita za ujazo kwa saa. Niliyoichagua ilikuwa ya mita 1,000. Ilikuwa pana, inang'aa, ina taa mbili na vitufe vya kugusa, na muuzaji alipoiwasha, risiti yake mwenyewe iliruka kutoka mezani ikaenda kugandana na chujio. Nikalipa.

Kama ningekuwa mtu wa kuhesabu, ningehesabu hivi. Jiko la mita 3 kwa 4, lenye dari ya mita 3, lina mita 36 za ujazo. Feni ya mita 1,000 inaimaliza hewa yote hiyo kila baada ya dakika mbili na kitu. Na ile mashine ya kupumulia nyumba nzima, iliyofungwa darini kwa gharama ambayo sitaitaja mbele ya mamangu, inaingiza mita 180 kwa saa. Feni inadai 1,000, mashine inaleta 180. Zile 820 zitatoka wapi?

Muuzaji hakuuliza, fundi hakuuliza, mimi nilikuwa nakunywa soda. Nyumba ndiyo iliyojibu, siku ya nne ya Ramadhani, robo saa kabla ya magharibi.

Siku hiyo tulialika watu. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, madirisha ya aluminiamu yamefungwa na mipira yake, karai liko motoni, sambusa zimeshaepuliwa na changu wanaingia. Mamangu akaniambia macho yanamwasha. Nikanyosha kidole kama rubani, nikagusa kitufe cha tatu. Feni ikanguruma. Kwa dakika moja ilikuwa fahari tupu: moshi wote wa mafuta ukajikunja na kupanda juu kama mkia wa paka.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya samaki. Ilitoka upande wa choo cha wageni, ambacho tangu nyumba imalizike hakuna mgeni aliyekitumia, na yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la sakafuni, ambayo ndiyo mlinzi pekee baina ya binadamu na karo lake, yalikuwa yamekauka. Feni ilikuwa inatafuta mita 820. Ikazipata huko. Hewa ya karo ikaja taratibu kupitia ukumbini, ikapita mbele ya shekhe aliyekuwa ameshika tende, kama mgeni anayeijua njia.

Wakati huohuo shemegi yangu alikuwa nje ya mlango wa uani na jagi la juisi ya ukwaju, anavuta, mlango haufunguki. Akadhani tumefunga kwa ufunguo. Hatukufunga. Nyumba ikinyonywa hewa mpaka tofauti ya ndani na nje ifike paskali 30, mlango wa mita mbili za mraba unasukumwa kwa nguvu ya kilo 6 hivi; si nyingi, ila ni nyingi kwa mtu mwenye mkono mmoja na saumu ya kutwa. Alizidi kuvuta. Mamangu, ambaye hakuwa na habari ya paskali, alisema, "Mmenizibia pumzi humu," akafungua dirisha. Mlango ukaachia mara moja. Shemegi akaenda kinyumenyume hatua nne, na kanzu yake nyeupe ikawa rangi ya ukwaju kutoka kifuani mpaka chini.

Adhana ililia. Tulifuturu uani.

Hapa sitanii

Kuna jambo moja katika mkasa huo ambalo si la kuchekea. Siku umeme ukizimika, au gesi ikimalizika katikati ya wali, mwenye nyumba wa Pemba hufanya anachokijua: anawasha seredani. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya nyumba iliyozibwa hewa hiyo haina pa kwenda, na feni kubwa inaweza kuzidisha madhara, kwa kuwa inanyonya hewa kutoka kila kilicho na tundu, pamoja na dohani la chumba cha pili kama lipo. Ujerumani, penye moto wa kuni ndani ya nyumba, feni ya kutoa nje hufungwa pamoja na swichi ya dirisha: dirisha likiwa limefungwa, feni haiwaki. Seredani haiingii ndani ya nyumba ya namna hii. Hata mara moja, hata kwa dakika kumi, hata mvua ya masika ikimwagika.

Wala nisionekane nalisifu jiko la zamani kupita kiasi. Najua lilivyokuwa: banda nyuma ya nyumba, mafiga matatu, kuni na makumbi, bibi ameinama anapuliza, machozi yanamtiririka na sisi tunadhani ni kawaida ya macho ya wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 pekee. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya watu ifikapo 2034. Hayo ni mambo ya maana. Ila banda lile lilikuwa na kitu kimoja ambacho chupa ya chai haina: kuta zake hazikufika juu. Baina ya ukuta na paa ulikuwepo mwanya, hewa ikiingia chini mlangoni na kutoka juu, na moshi ulipopenya kwenye makuti uliwaua wadudu, paa likadumu. Bibi alijua 820 zinatoka wapi.

Pumzi ya kuwekewa tokeni

Nyumba inayopumua kwa umeme inaacha kupumua umeme ukikatika. Ukiniambia umeme haukatiki, nitajua uko Copenhagen.

Pemba tuna historia na jambo hili. Mpaka mwaka 2010 kisiwa kilikuwa kinaishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, kelele na moshi juu, ndipo ukalazwa waya chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, kwa msaada wa Norway. Miezi michache kabla ya hapo Unguja, yenye waya wake mkongwe kutoka bara, ilikaa gizani tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na sisi wa dizeli, mara moja katika maisha yetu, tukawapigia simu kuwapa pole. Tangu hapo sote tunaishi kwa hisani ya waya ulio baharini.

Kwa hiyo mchoro ukikujia una vioo visivyofunguka, vizuri kwa kuzuia uvujaji, ukatae. Nasema ukatae hata kama ni wa bure. Kila chumba kiwe na dirisha linalofunguka kwa mkono wa mtu, lenye wavu wa mbu.

Kuhusu gharama, feni yenyewe haina lawama. Ya wati 200 ikiwashwa saa mbili kila siku inakula uniti 12 kwa mwezi. Anayekumaliza ni kiyoyozi, hasa pale feni inapotupa nje hewa uliyokwisha kuipoza na kuvuta ndani hewa ya moto yenye majimaji, ambayo kiyoyozi kinaanza kuipoza upya.

Kelele, na nyongeza kuhusu udi

Kelele hupimwa kwa desibeli, na kila kumi zikizidi sikio husikia kama mara mbili. Feni ikipita 65 hutosikia hodi. Pemba, kutosikia hodi ni kosa kubwa kuliko kuunguza wali.

Ama udi. Mafundi wa nyumba zilizozibwa hawakuandika lolote kuhusu kabila linalotumia nusu ya siku kufukuza moshi jikoni na nusu nyingine kuuingiza sebuleni kwa chetezo. Alasiri ya Alkhamisi mamangu hufukiza nyumba nzima, na shangazi huzifukiza nguo. Mashine ya darini ina kipimo cha ubora wa hewa. Kikinusa udi kinaamini nyumba inaungua, mashine inakwenda mbio kwa nguvu zake zote, na udi wa thamani unaishia kwa kunguru. Mdogo wangu alipoulizwa, alisema mashine ina hali ya "mapumziko". Mamangu akamwambia udi pia unayo, ukiachwa.

Somo la Wawi

Ukitaka kujua namna ya kuukamata mvuke, usiende Ulaya, nenda Wawi. Pale kipo kiwanda cha makonyo, ambako vikonyo na majani ya mkarafuu hupitishiwa mvuke ndani ya chombo kilichofunikwa, mvuke unatoka umebeba mafuta, unapozwa bombani, na mafuta yanakingwa upande wa pili. Siri yake kubwa ni kifuniko. Mvuke unashikwa pale unapozaliwa, kabla haujatanabahi kwamba uko huru.

Jikoni ni vivyo hivyo. Feni bora kuliko zote, ya bei rahisi kuliko zote, ni kifuniko cha sufuria. Baada yake, feni iwe pana sawa na jiko la gesi au iizidi kidogo, na itundikwe baina ya sentimita 65 na 75 juu ya moto. Ikiwa juu zaidi, mvuke unatawanyika pembeni. Chini zaidi, inashika moto, au inamgonga mpishi kwenye paji la uso. Yetu fundi aliitundika sentimita 95 juu, kwa kuwa, alisema, "hapo inapendeza". Chungu kikubwa na karai la mafuta viwe kwenye moto wa nyuma, karibu na ukuta, ambako mvuke hauna pa kukimbilia. Bomba liwe la sentimita 15 kwa upana, laini, fupi, lenye kona moja au isiwepo kabisa. Lile bomba la kukunjika kama kinanda cha mkono ni mtego: kila kunjo linakusanya mafuta, na mafuta yaliyokusanyika juu ya moto ni utambi.

Mwishoni mwa bomba, wavu. Sababu ni mjusi kafiri, ambaye huona bomba la feni kama wewe unavyoona nyumba ya serikali. Popo wakubwa wa Kidike hawatoingia. Mabawa yao yakikunjuliwa yanazidi mita moja. Hilo ni jambo pekee katika ujenzi huu ambalo halikunipa wasiwasi.

Ukuta gani?

Sasa tindo iko mkononi mwa fundi, anakuuliza atoboe wapi. Kwenye mchoro mdogo wangu alikuwa ameonesha ukuta wa mashariki, kwa kuwa kule kwake upande huo ndio uliokuwa mkavu. Fundi akatoboa. Sikuwepo, nilikwenda Mkoani kupokea saruji.

Mvuvi yeyote wa Kojani angemwambia. Upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, unavuma kutoka kaskazini mashariki. Kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, unatoka kusini na kusini mashariki. Yaani pepo zote mbili zinazotuendesha mwaka mzima zinaupiga ukuta wa mashariki kwa zamu, kama watoto wanaocheza na ngoma. Kile kifuniko chepesi cha nje, kinachotakiwa kufunguka feni ikiwaka na kujifunga ikizimwa, kwetu kilifanya kinyume: feni ikizimwa upepo unakifungua, na usiku kucha kinalia ta, ta, ta. Harufu ya jana inarudi asubuhi. Katika tanga mbili, pale upepo unapobadilika na haujui uendako, tulipata wiki mbili za amani.

Ukuta wa kutoboa Pemba ni wa magharibi. Kaskazi ukivuma, magharibi kuna kinga; kusi ukivuma, magharibi kuna kinga. Tulitoboa upya. Tundu la mashariki tulilifinyaza, tukaliweka chini karibu na sakafu na kulitia wavu na kifuniko cha kufungua kwa mkono, liwe njia ya hewa ya kuingilia: feni ikiwaka, upepo uleule uliokuwa ukitutesa sasa unaleta zile mita zinazodaiwa. Feni ya mita 1,000 tulimwuzia mwenye hoteli. Tukanunua ya 350, mbaya wa sura, kimya. Mlango baina ya jiko na sebule ukawekewa mpira, na jiko likaondolewa katika hesabu ya kiyoyozi. Kwa maneno mengine, baada ya miezi minane na pesa ambazo zingenunua mashua, tuliligeuza jiko kuwa banda la nyuma ya nyumba lililogandana na nyumba.

Binamu yetu aliyekulia Muscat alicheka sana aliposikia. Kule, alisema, majumba ya kifahari yenye viyoyozi kila chumba yana majiko mawili: la ndani, la marumaru, la kuonesha wageni na kuchemshia chai, na la nje, uani, ambako ndiko kunakopikwa. Hakuna anayekaanga papa ndani ya baridi ya kulipia. Alidhani tunajua.

Hesabu ya mwisho

Kabla hujafunga bajeti, kuna kifungu kimoja ambacho hakimo kwenye kitabu cha maelekezo kinachokuja ndani ya boksi.

Feni mpya ilipowashwa mara ya kwanza, nilitoka nje kusikiliza. Kifuniko kilifunguka vizuri. Harufu ya changu, kitunguu saumu na ndimu ilikuwa inatoka kwenye bomba imejaa, nzito, imekusanywa yote bila kupotea hata chembe, kisha ikachukuliwa na upepo wa kusi ikavuka ua wetu, ikapita juu ya mgomba mmoja na kuingia moja kwa moja kwenye dirisha la jirani wa magharibi. Zamani harufu ya jikoni kwetu ilitawanyika pande zote na hakuna aliyeweza kusema imekwenda kwake. Sasa ilikuwa na anwani.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili alikohoa kwa sauti, kwa adabu. Siku ya tatu, feni ikiwa bado inazunguka, tulisikia hodi, tukaisikia vizuri kwa kuwa hii mpya haina kelele. Alikuwa mtoto wake wa miaka saba hivi, amesimama kwenye mlango wa uani kwa heshima zote.

"Mama anawasalimu. Anauliza kama changu wameshaiva."

Mkononi alikuwa na sahani, na juu ya sahani kawa.